Shajara ya Mitaro: Shaaban hadi Mfunguo Pili, Mji wa Kale wa Lamu

3 Shaaban

Nimeamua kuandika shajara hii kwa tarehe za mwezi mwandamo kwa sababu kazi tuliyojitwika, ya kupunguza uchafu unaoshuka baharini kwa mtaro wa mtaa wetu, inafuata maji ya bahari kuliko inavyofuata kalenda ya ukutani. Mwezi ukiandama, na tena ukikamilika, huja bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, na kwa mwambao wetu maji ya bamvua hujaa mnamo saa 10 na kupwa mnamo saa 4. Siku za kati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haitoki sana. Anayetaka kujua maji ya mvua yatakwenda wapi katika mji huu uliojengwa kwenye mteremko hana budi kujua kwanza bahari itakuwa imesimama wapi saa hiyo.

Leo saa 4 asubuhi, bahari ikiwa imetoka kabisa, tuliufuata mtaro wetu watu 7, kuanzia juu ya mtaa kwenye zizi la punda hadi unapotokea chini ya ukuta wa pwani. Juu tulikuta mavi ya punda, mchanga, na saruji iliyobaki kwa mafundi wa nyumba mpya. Katikati ya mtaa palikuwa na povu la sabuni, makapi ya vyakula na nepi za watoto, ambazo ndizo zinazoziba mtaro kuliko kitu kingine chochote. Chini, tulipokwisha kuuvuka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kulikuwa na matumbo ya samaki na utando wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua. Kwenye mdomo wenyewe tope lilikuwa jeusi, na mwenzetu mmoja alipolichokoa kwa kijiti lilitoa harufu ya mayai viza. Hiyo ni dalili kwamba uchafu unaoza mahali ambapo hewa haifiki, na kwamba umekuwa ukirundikana hapo kwa muda mrefu.

Lengo tulilokubaliana ni moja: masika yatakapofika kilele chake, mnamo mwezi wa Mei, kiasi cha uchafu kinachobebwa na mvua kutoka mtaani kwetu hadi baharini kiwe kidogo kuliko tulivyozoea kukiona. Hatukuandika kiasi gani. Hatuna maabara.

9 Shaaban

Maji mafu. Siku ya kuchora ramani.

Tulidhani tunaujua mtaro wetu kwa kuwa tumezaliwa juu yake, lakini kuna sehemu mbili unapopita chini ya kuta za nyumba na kutokea upande usioutarajia. Tulimimina ndoo za maji yaliyokorogwa manjano, bizari ileile ya jikoni, tukawaweka vijana kwenye kila pembe wapige kelele watakapoona rangi. Ndoo ya kwanza ilitokea tulipotegemea. Ya pili, iliyomiminwa kando ya karo ya kufulia, haikutokea kabisa kwa muda mrefu, hata tukaanza kulaumiana, kisha ikaonekana kwenye mtaro wa jirani zetu wa mtaa wa pili. Kwa hiyo sehemu ya uchafu tuliokuwa tukiwalaumu nao kwa miaka mingi ni wetu. Nimeliandika hili waziwazi kwa sababu kikaoni lilipitishwa haraka sana.

Ramani imechorwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ndani ya daka, ukumbi wa kuingilia, la nyumba ya mwenyekiti. Mistari ya buluu ni maji ya mvua. Mistari ya kijivu ni maji ya sabuni, yanayotoka majumbani kila siku, mvua iwepo isiwepo. Mji huu haukuwahi kuwa na njia mbili tofauti kwa maji hayo, na ndiyo maana mvua ikinyesha inabeba vyote kwa pamoja.

21 Shaaban

Mji wa Kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na hakuna anayeruhusiwa kufukua njia au kubadilisha ukuta bila idhini. Barua yetu ya kuomba idhini hiyo tuliiandika mara tatu. Katika nakala ya mwisho tulitaja Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, pamoja na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ambayo inaharamisha kuchafua maji. Mjumbe mmoja alitaka tubandike vifungu hivyo kwenye kila mlango wa mtaa. Nilipinga, na ninaendelea kupinga: sheria inasaidia ndani ya barua, lakini jirani unayemtaka ahamishe zizi lake hatabeba hata karai moja la mavi kwa kutishiwa mahakama.

Ofisi moja imetutaka turudi wiki ijayo. Nyingine imetaka mchoro wenye vipimo. Mchoro tumeupeleka.

28 Shaaban

Kaskazi inakatika, joto limezidi, na mitaro imekauka. Huu ndio wakati ambao watu huona hakuna la kufanya, na kwa maoni yangu ndio wakati wenye kazi kubwa kuliko mwingine wowote. Mavi yaliyokauka, vumbi, majivu ya majiko, mafuta yaliyomwagika na masalia ya chakula hulimbikizana njiani miezi yote ya ukavu. Mvua ya kwanza ikija, hata ikiwa ndogo, huyafagia kwa mara moja. Sehemu kubwa ya uchafu huteremka mwanzoni mwa mvua hiyo, ilhali maji yanayofuata, japokuwa ni mengi zaidi, huwa na uchafu mchache. Kwa hiyo karai linaloondolewa leo ni karai ambalo bahari haitalipokea.

Punda ndio wachukuzi wetu, magari yetu na, katika habari hii, tatizo letu. Mavi yao yana naitrojeni na fosforasi, mbolea nzuri shambani na chakula cha mwani baharini. Tena yana vijidudu ambavyo mvua huvifikisha kwenye maji ya pwani, wanamoogelea watoto. Tulikaa na wenye punda baada ya sala ya Alasiri. Hawakukataa. Walichouliza ni nani atakayeyapeleka shambani, maana wao wanalipwa kwa mzigo wa mchanga na mawe, hawalipwi kwa mzigo wa mavi. Swali la haki kabisa. Tumepatana hivi: punda anayerudi mtupu kutoka mjini kuelekea mashamba ya ndani ya kisiwa atabebeshwa gunia moja, na mwenye shamba atatoa chochote alicho nacho kulipa hisani, nazi au maembe.

Magunia 11 yameondoka kwa siku mbili. Zizi limezungushiwa tuta dogo la mawe na chokaa ili maji ya mvua yasipite katikati yake.

2 Ramadhani

Tumefunga wavu kwenye mdomo wa mtaro. Ni jarife kuukuu lililotolewa na mvuvi mmoja, likakunjwa mara mbili na kufungwa kwenye fremu ya mbao. Lengo ni kuzuia chupa, vifuniko, kandambili na nepi. Kazi ilikwisha saa 5, bahari ikiwa nje, na kila mtu akaridhika isipokuwa mzee mmoja nahodha aliyekuwa ameketi barazani akitutazama.

“Mwanangu,” aliniita, “huo mdomo ni wenu asubuhi tu. Njoo uutazame saa kumi.”

“Naam, Baba, nitakuja.”

Saa 10 nilikwenda. Bahari ilikuwa imepanda juu ya mdomo wa mtaro, imeusukuma wavu kwa ndani, fremu imepinda, na takataka zilizokuwa zikielea pwani, si zetu peke yetu bali za mji mzima, zilikuwa zimeingia mtaroni na kukaa humo vizuri kabisa. Wavu wetu ulikuwa umezizuia zisitoke. Mzee hakunicheka. Aliuliza tu kama nimefunga, nikasema nimefunga, akasema basi tusubiri futari.

10 Ramadhani

Mafundi wa mashine za boti. Mtu akibadilisha mafuta ya injini pwani, mafuta machafu humwagwa mchangani, na mchanga hauyali. Maji yakijaa yanayainua, na mvua ikinyesha inayashusha. Tumeweka pipa lenye mfuniko kwenye kivuli wanapofanyia kazi, na mafundi wenyewe wamekubali kulisimamia. Mafuta hayo yana wateja: watu huyapaka kwenye nguzo za ua ili mchwa wasizile. Sina raha na jambo hilo, kwa kuwa nguzo iliyopakwa leo itanyeshewa kesho, na sehemu ya mafuta itarudi kulekule mtaroni. Hata hivyo pipa limejaa robo, na robo hiyo ingekuwa baharini. Tutatafuta njia ya kuyavusha hadi bara, kwa mtu anayekusanya mafuta machafu, badala ya kuyauza kwa kibaba hapa kisiwani.

19 Ramadhani

Mvua ya mapema, usiku, muda mfupi baada ya tarawehe. Haikufika nusu saa.

Nilikuwa nimewapa vijana wanne chupa safi za plastiki za ukubwa mmoja na maagizo ya kukinga maji pale mtaro unapovuka Usita wa Mui: chupa ya kwanza maji yanapoanza kupita, na nyingine kila baada ya dakika tano. Asubuhi tulizipanga kwenye baraza kwa mfuatano. Ya kwanza ilikuwa nyeusi kama kahawa ya buni, na ilipotulia ilibaki na mashapo ya unene wa vidole viwili na utando wa mafuta juu. Ya tatu ilikuwa rangi ya chai ya rangi. Ya tano mtu angeweza kuona kidole chake upande wa pili. Watu waliokuwa wakielekea sokoni walisimama kutazama, na chupa hizo zimefanya kazi ambayo vikao vyetu vitatu havikuifanya. Mama mmoja muuza mahamri aliinyanyua ile ya kwanza, akaigeuza juu chini, akauliza: “Na hii ndiyo wanayoogelea wajukuu zangu?” Hakungoja jibu.

Tofauti nyingine ilionekana: tawi la mtaro linalotoka upande wa zizi, ambalo tulilifagia, lilitoa chupa ya kwanza nyepesi kuliko ile ya tawi la pili, ambalo hatukuligusa. Ni mvua moja tu, na siwezi kudai zaidi ya hapo.

27 Ramadhani

Idhini imepatikana, kwa masharti kwamba tutumie mawe ya matumbawe na chokaa pale kazi itakapoonekana, na tusiguse msingi wa nyumba yoyote. Masharti ya busara. Mwashi ataanza baada ya Idi.

7 Mfunguo Mosi

Idi imepita na kutuachia taka zake, sahani za plastiki na mabaki ya pilau, ambazo zilizolewa siku ya pili na watoto wa madrasa. Naingia kwenye jambo lenyewe.

Baada ya wavu kushindwa, tulibadili fikra: badala ya kunasa uchafu mdomoni mwa bahari, tuunase katikati ya mteremko, mahali ambapo bamvua haifiki. Tumejenga shimo la kutuamisha, mita 1 kwa sentimita 60, kina sentimita 70, lililokatizwa na ukuta mfupi katikati. Maji yanaingia kwa kasi, yanakuta nafasi pana, yanapunguza mwendo. Mchanga na tope vinazama, vinavyoelea vinazuiwa na ukuta, na maji yaliyobaki yanavuka juu kwa upande wa pili kuendelea na safari.

Mabishano yalikuwa kuhusu sakafu ya shimo. Mwashi alitaka iachwe wazi, mawe matupu, ili maji yaliyobaki yanywewe na ardhi na mbu wasipate pa kuzalia. Lakini hatua chache kutoka hapo pana kisima cha msikiti, na maji matamu ya kisiwa hiki ni tabaka jembamba tu linaloelea juu ya maji ya chumvi. Kunyweshea ardhi uchafu wa mtaa kando ya kisima, kwa jina la kuilinda bahari, ni kuhamisha maradhi kutoka mguu hadi mkono. Sakafu imesakafiwa. Ili kuepuka mbu, mwashi ameweka bomba jembamba chini lenye kizibo cha mti. Siku moja baada ya mvua kizibo kinatolewa, maji yaliyotulia yanashuka taratibu wakati bahari iko nje, na tope linalobaki linachotwa kwa sepetu. Mjumbe mmoja alipendekeza tuweke samaki wadogo kama wale wa kwenye birika za majumbani, wanaokula viluwiluwi vya mbu. Wazo zuri, ila maji ya sabuni yangewaua wote kabla ya Ijumaa.

16 Mfunguo Mosi

Naandika usiku, nikiwa bado na nguo za maji.

Kusi imeingia na masika yameanza kweli. Mvua ilianza baada ya sala ya Adhuhuri na kuendelea hadi karibu na Magharibi, na leo ni bamvua. Saa 10 bahari ilikuwa juu ya mdomo wa mtaro, maji ya mvua yakishuka kwa nguvu kutoka juu na bahari ikiyarudisha kutoka chini, na yote mawili yakakutana kwenye nyumba tatu za mwisho. Maji yalipanda hadi kwenye vizingiti. Tulikuwa na mbao, magunia ya mchanga na ndoo. Tuliokoa magodoro, hatukuokoa makochi.

Shimo lilifanya kazi kwa muda fulani. Nililiona kwa macho yangu likijaa mchanga na kuzuia chupa na matambara. Kisha likafurika, na kuanzia hapo maji yalipita juu yake kana kwamba halipo. Shimo la ukubwa ule linatosha mvua ya nusu saa, halitoshi mvua ya saa nne.

Kuna aliyesema usiku huu kwamba mafuriko yameletwa na shimo letu. Nimekwenda kuangalia kwa tochi: maji yaliyoingia majumbani yalifurika upande wa chini wa shimo, yalikorudishwa na bahari, si upande wake wa juu. Lakini sitamjibu leo, kwa kuwa godoro lake ni mojawapo ya yaliyolowa.

18 Mfunguo Mosi

Asubuhi tulipiga kasia hadi mkabala na mtaro na kushusha sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kamba yenye mafundo kila sentimita 20, tukihesabu mafundo hadi sahani isionekane. Mbele ya mtaro ilipotea kwenye fundo la tatu. Tulipovuka kuelekea upande wa kisiwa cha Manda, ilionekana hadi fundo la kumi na moja. Tope jepesi likielea hivyo linazuia jua kufika chini, na likitua linafunika majani ya bahari, ambayo ni malisho ya kasa na maficho ya samaki wachanga.

Wenzetu wa Malindi wana wa kumnyoshea kidole. Maji yao yanapogeuka mekundu wakati wa masika, hadi kuitia hofu hifadhi yao ya bahari iliyotengwa tangu 1968, udongo ule umeletwa na mto Sabaki kutoka mbali, kutoka nyanda za juu ambako mto huohuo unaitwa Athi. Kisiwa chetu hakina mto. Kila chembe iliyoifunika sahani yetu mbele ya mtaro ilishuka kutoka kwetu.

25 Mfunguo Mosi

Kikao kirefu, cha kwanza ambacho hakikuwa na maneno makali. Yule aliyelaumu shimo alikuwepo na ndiye aliyeuliza swali lililogeuza mazungumzo: maji yote yale yalitoka wapi, ilhali zamani mvua kama hiyo haikufika kwenye vizingiti?

Majibu tulikuwa nayo juu ya vichwa vyetu. Mabati na saruji vimechukua mahali pa makuti na mchanga, na kila tone linaloanguka linateleza moja kwa moja hadi njiani. Tulifanya hesabu hadharani: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja; paa la mita za mraba 80, kwa mvua ya milimita 20, linatoa lita 1,600, yaani mitungi 80 ya lita 20. Hiyo ni nyumba moja. Kimya kilitanda, kisha bibi mmoja, ambaye nyumba yao ni katika zile kongwe, akasema kwamba chini ya sakafu ya kiwanda chao, yaani ua wa ndani, kuna jabia, birika kubwa la kuhifadhia maji ya mvua, ambalo halijatiwa maji tangu bomba lilipofika, na kwamba mama yake alikuwa na desturi ya kuliziba mdomo siku ya mvua ya kwanza, paa lioshwe kwanza, ndipo alizibue.

Tumekuwa tukiteremka na tatizo hili hatua kwa hatua kuelekea baharini, huku dawa ikiwa juu ya dari. Maji yatakayoingia jabiani hayatabeba mavi, mafuta wala nepi, na hayatagombana na bamvua kwenye vizingiti vya watu. Mitaa hii ililijua jambo hilo kabla hatujaanza kuandika barua.

Nyumba 4 katika mtaa zina majabia. Mawili yamegeuzwa stoo, moja limepasuka, na hilo la bibi ni zima.

4 Mfunguo Pili

Jabia la bibi limekombwa, limepakwa chokaa upya, na mlizamu wa PVC, bomba la plastiki la kuteremshia maji ya paa, umeunganishwa kutoka darini ukiwa na kipande cha kugeuza ili maji ya mwanzo yamwagike nje. Lilipokea mvua mbili. Maji yake yanatumika kufulia na kusafishia. Ya kunywa bado yananunuliwa, na hatutamshauri mtu vinginevyo hadi yapimwe. Kwa familia zisizo na jabia tumeanza kuweka mapipa ya lita 200, moja kwa kila mlizamu, na tayari kuna ugomvi mdogo kuhusu mlizamu unaohudumia nyumba mbili za ndugu.

Shimo limekombwa mara sita tangu lijengwe. Tope lake hatulipeleki shambani kwa kuwa lina mafuta; linakaushwa na kupelekwa jalalani. Wavu tumeutoa mdomoni na kuufunga juu kabisa, kwenye kona ya zizi, ambako haujapinda.

Bamvua ijayo itaanza tarehe 15. Kabla ya hapo kuna kazi mbili: kuziba ufa wa jabia la pili, ambalo mwashi anasema litahitaji siku tatu za jua, na kwenda kwa jirani zetu wa mtaa wa pili na ramani ya manila mkononi, tuwaonyeshe ule mstari wa kijivu unaotoka kwenye karo letu na kuingia kwao. Mwenyekiti ameniambia niende mimi, kwa kuwa ndimi niliyeuandika.